Hirizi ya Nyumba ya Korongo

Kijakazi alisimamisha gari kwenye taa nyekundu ya Route 1, akanigeukia.

"Bado tunaweza kurudi," alisema. "Nikiulizwa nilimpeleka wapi mjane wa ndugu yangu, nitajibu nini? Nilimpeleka baa?"

"Utasema nilikuwa na dharura."

"Dharura ni hospitali, wifi. Dharura ni maziko. Baa haijawa dharura hata kwa walevi."

Nyuma yetu mtu alipiga honi. Taa ilikuwa imeshageuka kijani. Kijakazi alimsonya, akaondoa gari. Nilijua ataendelea kusema, lakini pia ataendelea kuendesha.

Nilikuwa ndani ya eda. Tangu mume wangu Jawad azikwe sikuwa nimetoka nyumbani ila kwa daktari, na watu wetu wa pwani wanaoishi huku Maryland walikuwa wakinijia wenyewe na sahani zao za vitumbua na dua zao. Kijakazi, dada mkubwa wa marehemu, ndiye aliyeisimamia eda yangu. Kila akitoka kazini Beltsville, kwenye nyumba ya wazee anakowaogesha na kuwalisha, alikuja kwangu moja kwa moja kuangalia kama nimekula na kama sijajipaka wanja. Asubuhi ile alikuwa bado na sare yake ya buluu. Alikuja kwa sababu nilimpigia simu nikilia, na nililia kwa sababu Kuria alikuwa amenipigia mimi.

"Shemeji," Kuria aliniambia, "wale watu wa mbao wamebadilisha program. Hawakuji wiki ijayo. Wanakuja leo, kabla ya saa sita wako hapa."

Kuria ni mtu wa Nyeri, msimamizi wa ujenzi wa Nyumba ya Korongo, na alikuwa mkubwa wa Jawad kazini. Mbao alizozisema ni zile za kuzuia moto. Zingepigwa chini ya makombamoyo, ile miti inayobeba paa, upande wote wa ndani wa paa, na zikishapigwa paa lingefungwa kama kopo. Hakuna mtu angezing'oa tena kwa ajili yangu. Na ndani ya paa lile, baina ya matete na miti, kulikuwa na hirizi aliyoiweka mume wangu. Kabla hajafa aliniomba niitoe.

Nyumba ya Korongo ilijengwa Uingereza zamani sana, na kwa vizazi vingi ilikuwa baa ya wakulima na wasafiri. Ilipokaribia kubomolewa, tajiri mmoja wa huku aliinunua. Ikafunguliwa mti kwa mti, ikapakiwa kwenye makontena, ikaletwa hadi kiwanja kimoja karibu na reli ya Riverdale Park. Tuliambiwa itakuwa makumbusho, watu waje waone useremala wa kale. Jawad alikuwa fundi wa makuti tangu ujana wake, kwao Mambrui na kwenye mahoteli ya Malindi, basi akachukuliwa kumsaidia fundi Mwingereza aliyeletwa kuliezeka paa.

Siku ya kwanza alirudi nyumbani amechangamka kama mtu aliyekutana na jamaa zake asiotarajia.

"Yumna, kumbe hawa Waingereza waliishi kama sisi!" alisema hata kabla hajavua viatu. "Nyumba ya udongo! Fito zimesukwa baina ya nguzo, udongo umekandwa na majani makavu na mavi ya ng'ombe, ukakandikwa, juu yake chokaa. Kama kwa bibi yangu."

Jioni ile alinijengea nyumba yote mezani kwa vijiti vya mishikaki. Alisimamisha nguzo, akazitilia boriti. Akaniambia nguzo ni za mwaloni, mti mgumu kushinda mkoko, uliokuwa mweusi kwa uzee, na kwamba hakuna msumari hata mmoja. Mti mmoja umechongwa ulimi, mwingine umetobolewa tundu. Ulimi unaingia tunduni, kisha kigingi kinapigwa kupita vyote viwili. Penye kila ungio maseremala wa zamani walikwaruza alama kwa patasi, ili ulimi wa huku usije ukatiwa tundu la kule. Akalaza kijiti kimoja kutoka ukuta hadi ukuta.

"Na huu hapa mtambaapanya," alisema. "Hata panya wa Kiingereza wana barabara yao."

"Na paa?"

"Paa ni matete. Sisi tunalivisha paa makuti kama kanzu. Wao wanalitandikia matete kama godoro, unene wa mkono wangu huu, halafu wanalinyoa ukingoni."

Sikuwahi kuingia katika nyumba ile, lakini kwa jinsi alivyoniletea habari zake kila jioni, naamini ningeweza kutembea ndani yake nikiwa nimefumba macho.

Sasa hirizi. Katika kila paa aliloliezeka maishani mwake, alipofunga fungu la mwisho, Jawad aliweka hirizi: Ayatul Kursiyyu imeandikwa na maalim, imekunjwa, imeshonewa kitambaa, imefungwa kwa kamba ileile inayoshika paa, upande wa kibla. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake. Katika Nyumba ya Korongo pia aliiweka, na moyo wake ulikuwa mweupe, maana alijua anaezeka makumbusho.

Kisha akaugua. Kuria alikuja hospitali kumtazama, na kwa kutaka kumfurahisha akampa habari: mambo ya makumbusho yamekufa, nyumba itakuwa baa tena kama zamani, hata mapipa ya bia yameshaagizwa. Jawad alitabasamu mpaka Kuria alipotoka. Mlango ulipofungwa alinishika mkono.

"Itoe, Yumna. Maneno yale yasikae juu ya pombe. Iko darini, nyuma ya kombamoyo, upande wa kibla. Niahidi."

Nilimwahidi. Hakunisemesha jambo jingine refu baada ya hilo.

Nilimwomba Kuria aitafute. Aliingia darini na tochi mara mbili, upande niliomweleza, akatoka na utando wa buibui kichwani. "Sioni kitu, shemeji," alisema. "Na hata nikiiona, mimi ni Mpresbiteri. Nitaishika na nini, na gloves?" Nikamwambia aache, nitafikiri. Nilidhani nina wiki nzima ya kufikiri.

Tulifika Riverdale Park jua likiwa limepanda. Niliitambua nyumba kabla Kijakazi hajasema kitu. Ilikaa baina ya gereji na duka la matairi kama mzee aliyekosea kituo. Paa lake lilikuwa zito na limeshuka chini sana, kama kofia iliyovutwa hadi kwenye nyusi, na chini yake kuta nyeupe zilikatwakatwa na miti myeusi, mingine wima, mingine imelala, mingine imepinda kama ilivyoota msituni. Hakuna pembe iliyokuwa sawa. Juu ya mlango kilining'inia kibao cha ndege korongo amesimama kwa mguu mmoja. Upande wa nyuma wanaume wawili walikuwa wakivingirisha mapipa.

Kijakazi aliyaona mapipa akajifunika pua kwa ushungi, ingawa vioo vya gari vilikuwa vimefungwa.

"Mimi nakaa humu," alisema.

"Kaa, wifi."

Nilipofika mlangoni nikasikia mlango wa gari ukifungwa kwa kishindo nyuma yangu. "Peke yako na wanaume?" alisema, akinipita. "Weye una wazimu."

Kuria alitupokea ndani, kofia ngumu ya njano mkononi. "Pole, shemeji. Pole, mama. Inameni, hii nyumba huwa inapiga watu."

Mimi ni mfupi, nilipita. Kijakazi ni mrefu kama alivyokuwa mdogo wake. Boriti ilimpiga kwenye paji la uso, akasimama akijishika.

"Hata boriti zao zimelewa," alisema.

Ndani kulikuwa na kiza cha kahawia na harufu ya chokaa mbichi. Boriti za dari zilipita juu yetu karibu sana, nene, zimechongwa kwa shoka hata mapigo yake yanaonekana. Mekoni, ambamo watu wanne wangeweza kukaa, hamkuwa na moto. Kaunta mpya ilikuwa imeshawekwa, na juu yake vishikio vya shaba vya kuvutia bia, vimefunikwa plastiki. Vilikuwa tayari. Niliangalia pembeni.

"Ngazi iko huku," Kuria alisema. Alishusha sauti. "Sikiza, shemeji. Hao watu lori lao liko College Park, wamenitext sasa hivi. Wakifika siwezi kuwazuia, mimi si mwenye nyumba. Mbao za kwanza wataanza kupiga upande wa kaskazini, kwa sababu huko ndiko wamepima. Na ukiwa juu, kanyaga boriti pekee. Katikati ya boriti ni plasta tu. Ukikanyaga hapo utatokea huku kwa kaunta kabla bia haijafika."

Nilikuwa nimetawadha nyumbani. Nilijifunga baibui kiunoni kwa mshipi wa Jawad, Kuria akaniwekea kofia ngumu juu ya ushungi, nikapanda. Ngazi ilipita kwenye tundu la mraba. Nilipotoa kichwa upande wa pili sikusikia tena barabara wala treni. Matete yale mazito yalikuwa yamemeza sauti zote, hata pumzi yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Lakini mahali pale nilipajua. Nilimulika tochi, nikaona vijiti vya mishikaki vimekuwa miti. Mitambaapanya ilikatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Katikati ya kila mmoja ilisimama nguzo fupi yenye mikono minne iliyoinuka kushika miti ya juu. Makombamoyo yalipanda pande zote yakakutana penye mgongo wa paa, na baina yake zilipigwa fito, na juu ya fito matete ya rangi ya asali, mapya, yamebanwa kwa kamba nyeusi iliyopakwa lami. Nilipitisha mkono kwenye ungio la kwanza nikagusa alama ya patasi, mistari mitatu na mkato.

Mgongo wa paa ulikwenda mashariki na magharibi. Kibla kwa huku ni kaskazini-mashariki, yaani pembeni, pale ambapo mteremko mrefu wa kaskazini unakutana na ule mfupi wa mashariki. Kuria alikuwa amepatafuta palepale. Nilipiga magoti juu ya mtambaapanya, nikaanza kwenda.

Mti ulikuwa mpana kiasi cha kiganja na nusu. Kila nilipoinua goti nilisikia baibui likinasa penye kibanzi. Chini yangu, kulia na kushoto, plasta ilikuwa nyeupe na imetulia kama maji ambayo hujui kina chake. Nilifika pembeni, nikashika kombamoyo la pembe, nikaanza kupapasa nyuma yake. Vumbi. Matete. Kamba ya lami. Kombamoyo la pili, hakuna. La tatu, hakuna. Nilivua kofia ngumu ili kichwa kiingie zaidi chini, pale paa linapokaribiana na ukuta. Nilipapasa mpaka vidole vikaanza kutoka damu kwa kuchomwa na matete.

Nikasikia breki za lori.

"Shemeji!" Sauti ya Kuria ilitoka tunduni. "Wamefika!"

"Umeiona?" Hiyo ilikuwa sauti ya Kijakazi.

"Bado!"

Nilijigeuza haraka kutazama upande wa pili wa pembe, na mguu wangu ukateleza. Nilihisi kisigino kikizama katika kitu laini, kisha sikuhisi kitu chini yake. Nilikumbatia mtambaapanya kwa mikono miwili. Pande la plasta lilianguka chini, nikalisikia likipasuka kwenye kaunta, na Kijakazi akapiga ukelele uliomtaja Mtume.

"Mzima?" aliita. "Yumna! Mzima weye?"

"Mzima."

Mguu wangu ulikuwa unaning'inia ndani ya baa. Niliuvuta taratibu, nikakaa kwenye mti, nimeukumbatia bado. Kupitia tundu nililotoboa niliona kichwa cha Kuria kikitoka nje mbio, na nikasikia sauti za wanaume, na mbao zikishushwa, moja juu ya nyingine. Nilimwambia Jawad kimoyomoyo kwamba sioni. Nilimwambia kwamba nimejaribu. Halafu nikaona haya, kwa sababu ahadi haikuwa ya kujaribu.

Uso wa Kijakazi ulichomoza kwenye tundu la ngazi. Alikuwa amepanda mpaka katikati, ameshika ngazi kwa mikono yote.

"Umetafuta wapi?"

"Kwenye kibla. Pembe yote. Hakuna."

"Kibla ya wapi?"

"Kibla ni ngapi, wifi? Kaskazini-mashariki. Hapa nilipo."

Wanaume nje walicheka jambo fulani. Kisha Kijakazi akasema polepole, kama mtu anayesoma kitu kilicho mbali:

"Aliyeiweka si Jawad wangu mimi? Alipofika Marekani akakaa kwangu, wiki nzima aliswali akitazama friji."

"Friji?"

"Friji iko kaskazini ya sebule. Kwetu Mambrui kibla ni kaskazini, moja kwa moja, ndivyo alivyozaliwa, ndivyo alivyozoea. Nilimshika mabega nikamgeuza. Kesho yake nikamkuta amerudi kwenye friji. Nikamgeuza tena."

"Lakini hiyo ni miaka mingi, wifi. Alijua. Msikitini alisimama sawa na wenzake."

"Msikitini zulia lina mistari," alisema Kijakazi. "Huko juu kuna zulia?"

Nilikuwa nimeshageuka.

Nilimwona Jawad kabisa: yuko juu ya paa la matete, kamba mdomoni, fungu la mwisho chini ya goti, mikono yake ikifanya kazi iliyoifanya tangu akiwa kijana. Mtu akiwa katika hali ile haulizi dunia iko wapi. Mikono yake ilikuwa Mambrui.

Nilirudi kwenye mtambaapanya, safari hii kwa haraka kuliko ilivyofaa, nikavuka hadi kati ya mteremko mrefu wa kaskazini. Huko huko Kuria alikosema wataanzia. Nilimulika nyuma ya kombamoyo moja, nikamulika la pili. Katika zile kamba nyeusi za lami niliona kamba moja ya rangi ya hudhurungi, yenye nywele. Kamba ya usumba wa nazi. Alikuja nayo kutoka Mambrui, na mimi nilizoea kumgombeza kwa kuiweka kwenye droo ya vijiko.

Nyuma yake palikuwa na kifurushi kidogo kama kokwa ya embe. Kitambaa chake kilikuwa cha leso yangu ya zambarau, ile iliyochanika ukingo, niliyodhani imepotea kwenye mashine za kufulia.

"Nimeiona," nilisema.

"Vuta!" Kijakazi alisema.

Nilivuta. Fundo likakaza. Nilivuta upande mwingine, likakaza zaidi, na matete juu yangu yakatoa sauti ya kukwaruza. Hirizi haikuwa imening'inizwa tu. Ilifungwa ndani ya fundo lilelile lililoshika fungu la mwisho la paa kwenye fito.

Chini Kuria alikuwa anabishana kwa Kiingereza. Nilisikia akisema dakika tano, nikasikia mtu akimwambia kwamba wana nyumba nyingine leo. Kisha viatu vizito ndani ya baa. Kisha Kuria mwenyewe, chini ya tundu nililotoboa, akinirushia kisu cha kukunja. Kilitua kwenye plasta, kikateleza hadi karibu na goti langu.

"Kata, shemeji! Kata ushuke, wanapanda!"

Nilikifungua kisu. Niliweka makali juu ya kamba. Nilijua ni sekunde moja tu, kisha kifurushi kingekuwa kiganjani mwangu na ahadi yangu imetimia. Lakini lile lilikuwa fundo la mwisho alilolifunga. Baada ya kulifunga alishuka, akasema kifua kinambana, na hakupanda paa tena. Mkono wangu ulisimama pale na kisu cha Kuria, na haukwenda mbele wala haukurudi.

"Usikate!"

Kijakazi alikuwa ameingia darini. Alikuja juu ya mtambaapanya kwa magoti yake yale anayolalamika kila siku, sare ya buluu imekunjwa mapajani juu ya suruali, viatu vya kazini ameviacha kwenye ngazi. Hakutazama chini. Alifika, akaniondolea kisu mkononi kama mtu anavyomwondolea mtoto, akaweka uso karibu na fundo.

"Subhanallah," alisema. "Hili fundo la baba."

"Unalijua?"

"Tulikuwa tukishona makuti uani, mimi na mama na shangazi, na baba akitufundisha kufunga mizigo. Jawad alikuwa akilia kwa sababu lilimshinda." Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza. "Fundo hili huvuti. Ukilivuta linajua weye ni mwizi. Unalisukuma lirudi lilikotoka. Mulika. Mulika huku, si usoni kwangu."

Nilimulika. Ngazi ililia kwa uzito wa mtu. Kijakazi alisukuma kamba, akaigeuza kidole, akaisukuma tena. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. Nilimwona akipumua kama anavyopumua mtu anayefunga vifungo vya mgonjwa, polepole, bila kumtikisa. Fundo likalegea mara moja, lote, kama mtu aliyekubali.

"Chukua," alisema. "Weye ndiye uliyeambiwa."

Niliichukua. Ilikuwa nyepesi na ina joto la paa. Niliitia kifuani.

Kijakazi hakuondoka. Alibana matete kwa mkono wa kushoto, akapitisha kamba ya usumba nyuma ya fito, na akaanza kulifunga tena fundo lilelile. 

"Wifi, twende."

"Niache fungu la ndugu yangu lining'inie?"

Kichwa cha mwanamume mweupe chenye ndevu kilichomoza kwenye tundu, kofia ngumu juu. Alitutazama: mimi na baibui lililojaa vumbi jeupe, Kijakazi na sare ya nyumba ya wazee, anafunga kamba kwenye paa. Aliuliza kwa Kiingereza sisi ni nani.

Kuria alijibu kutoka chini, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi. "Hao ni mafundi wa paa. Wanamalizia."

Mtu yule alifikiri kidogo. Kijakazi alivuta kamba mara ya mwisho, akalipiga fundo kwa kiganja kama mtu anavyompiga punda aende, akageuka.

"Tumemaliza," alimwambia kwa Kiingereza. "Hapa mpige misumari polepole."

"Sawa, mama," alisema yule mtu, akashuka ngazi kutupisha.

Tulitoka nje. Kuria alitusindikiza hadi kwenye gari, akitupapasa vumbi kwa macho tu maana hakuthubutu kutugusa. Nilimwomba radhi kwa plasta. Akasema nyumba ile ilishapona mambo mengi kuliko mguu wa shemeji, na tundu litazibwa kabla ya Ijumaa. Alitaka kusema jambo jingine, nadhani kuhusu siku ile ya hospitali. Nikamwambia, "Ulifanya vizuri kumwambia, Kuria. Asingejua, isingetoka." Alitikisa kichwa, akarudi ndani, akainama mlangoni.

Tulipokuwa tunafunga mikanda ndipo misumari ilipoanza. Ilikuwa ya mashine, inatoka mfululizo, na matete yaliilainisha hata ikawa kama mtu anayebisha hodi kwa kidole. Kijakazi alishika usukani bila kuwasha gari. Katika maziko hakulia, na siku zote za matanga hakulia, alikuwa anapika. Sasa alilia akitazama mbele, paji la uso limevimba pale boriti ilipompiga.

"Nilimgeuza kwa mabega," alisema. "Kila siku namgeuza, naye anarudi."

Nilimpa upande wa ushungi wangu ajifute. Alijifuta, akauangalia, akaniambia ni mchafu, akawasha gari.

Naandika haya eda yangu haijaisha. Maalim ameniambia nikitoka nitaizika mahali safi, nami nimeshapachagua, na Kijakazi amesema atanipeleka, na kwamba safari hiyo hataona haya kuitaja. Kwa sasa hirizi iko juu ya kabati pamoja na msahafu, ndani ya kitambaa chake cha leso. Siku ile nilipofika nyumbani adhuhuri ilikuwa imeingia. Nilitandika mswala kama kawaida. Kabla sijafunga swala nilisimama kidogo nikitazama kaskazini, kwenye ukuta wa jikoni ambao hauna kitu ila kalenda, kisha nikageuka.